Usiulize mita peke yake: mawimbi yanavyoipunguzia meli mwendo

Bahari ikichafuka, swali la kwanza la watu wengi ni moja: mawimbi ni ya mita ngapi? Swali ni halali, ila ukijibiwa "mita tatu" ukaishia hapo, bado hujajua lolote kuhusu mwendo wa meli. Mita tatu hizo hizo zinaweza kuipita meli ya mita 180 bila mpishi kushika sufuria, na zinaweza kuipigisha kichwa mpaka nahodha aagize injini ishushwe. Tofauti iko kwenye mambo mawili ambayo wasikilizaji wengi wa taarifa za hali ya hewa huyaruka: wimbi moja linafuatwa na jingine baada ya sekunde ngapi, na yanaijia meli kutoka upande gani.

Tupatane vipimo kwanza. Maili humu ni maili ya bahari, mita 1,852, kwa hiyo meli ya maili 15 kwa saa ndiyo meli ya noti 15. Kimo cha wimbi hupimwa kutoka bondeni hadi kileleni. Urefu ni kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Kipindi ni sekunde zinazopita kati ya kilele na kilele, ukitazama ukiwa umesimama mahali pamoja.

Kipindi ndicho kinachokupa mengine. Penye kilindi, urefu wa wimbi kwa mita ni 1.56 mara kipindi mara kipindi tena, na mwendo wa wimbi, kwa mita kwa sekunde, ni 1.56 mara kipindi. Wimbi la sekunde 6 basi lina urefu wa mita 56 na linakwenda maili 18 kwa saa. La sekunde 11 lina mita 189 na maili 33. La sekunde 16 lina mita 400 na maili 48, yaani linaziacha nyuma karibu meli zote za mizigo duniani.

Sasa weka ile meli ya mita 180 mbele ya kila moja, kimo kikiwa mita tatu, na mawimbi yakija omo, yaani mbele ya meli, moja kwa moja. Ya sekunde 6 ni mafupi mno kuiinua. Meli inalalia vilele vitatu kwa pamoja, haiinami wala haiinuki. Hasara yake inatokana na mawimbi kugonga omo na kurudishwa yalikotoka, na kurudisha maji kunakula nguvu ya injini. Meli yenye omo butu, kama zile za mafuta au za shehena ya wingi, inaumia hapa zaidi kuliko yenye omo jembamba. Ya sekunde 16, kwa upande mwingine, ni vilima virefu: meli inapanda na kushuka pamoja na maji, na mwendo unapungua kidogo tu.

Ya sekunde 11 ndiyo balaa, kwa sababu urefu wake unakaribia kabisa urefu wa meli. Kilele kikiwa katikati, omo na tezi, yaani nyuma ya meli, vyote vinakosa maji ya kutosha chini yake; sekunde chache baadaye kilele kiko omo na tezi limezama bondeni. Meli inainama na kuinuka kwa nguvu, na kila inapojitupa majini inazalisha mawimbi yake yenyewe yanayosambaa na kuondoka na nishati. Ukinzani wa ziada, yaani nguvu ya maji inayoipinga meli kwa sababu ya mawimbi, hufika kilele pale urefu wa wimbi unapokaribiana na urefu wa meli. Ndiyo maana chombo cha mita 60 kinaweza kuvuka mawimbi ya sekunde 11 kwa utulivu kuliko meli iliyo kubwa mara tatu, kisha kikateswa na ya sekunde 6 ambayo hiyo kubwa haiyahisi.

Kimo nacho kina kanuni yake, na ni kali. Ukinzani wa ziada hukua kwa mraba wa kimo: bahari ikitoka mita 2 hadi 4, unakuwa mara nne, ikifika mita 6, mara tisa. Hapo ndipo wengi wanapokosea makadirio. Wanaona meli imepoteza nusu maili kwa saa kwenye mita 2, wanadhani kwenye mita 4 itapoteza maili moja.

Kumbuka pia kwamba kimo cha mtabiri si kimo cha kila wimbi. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine. Kwenye bahari ya mita 3, ndani ya saa tatu hivi, tegemea wimbi moja likaribie mita 5.6. Siku ya Mwaka Mpya 1995, vipimo vya jukwaa la gesi la Draupner kwenye Bahari ya Kaskazini vilinasa wimbi la mita 25.6 wakati kimo cha bahari kwa wastani huo wa theluthi kilikuwa takriban mita 12. Na taarifa ikikupa mafungu mawili, mawimbi ya upepo wa hapo mita 2 na mawimbi ya dhoruba ya mbali mita 3, usijumlishe ukapata 5. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo, yaani mzizi wa mraba: 4 na 9 ni 13, na kipeo chake ni 3.6.

Upepo wenyewe, mbali na mawimbi, nao unadai haki yake. Meli inayokwenda maili 15 kwa saa penye hewa tulivu inapokea upepo wa maili 15 usoni. Upepo wa maili 30 ukivuma kutoka mbele, usoni sasa kuna 45, na kwa kuwa nguvu ya upepo nayo hufuata mraba, msukumo ni mara tisa ya ule wa kwanza. Kwa meli ya mafuta iliyojaa, iliyolala chini majini, hilo ni jambo dogo. Kwa meli ya makontena yaliyopangwa ghorofa nane juu ya sitaha, ni ukuta. Upepo wa pembeni unaongeza jingine: meli inasukumwa kando, usukani unabaki umegeuzwa nyuzi kadhaa ili kushika njia, na usukani uliogeuzwa ni breki.

Kwa nini kuongeza mafuta hakurudishi mwendo

Chukua meli inayokwenda maili 15 kwa saa kwenye maji tulivu kwa kilowati 8,000. Nguvu inayohitajika hukua takriban kwa mchemraba wa mwendo. Ukinzani ukiongezeka kwa nusu na nguvu ikabaki ile ile, mwendo unashuka hadi kama maili 13.1. Ukinzani ukiwa mara mbili, unashuka hadi 11.9. Safari ya maili 3,600 iliyopangwa siku 10 inakuwa siku 11 na nusu katika hali ya kwanza, na siku 12.6 katika ya pili. Injini ya mwendo wa polepole inayotumia gramu 170 kwa kila kilowati-saa ingechoma tani 326 kwa siku 10. Kwa siku 12.6 inachoma 411. Hizo ni tani 85 zilizoungua bila meli kusogea hata maili moja zaidi ya njia yake.

Je, kama tungetaka kushika maili 15 hizo hizo? Ukinzani ukiwa mara mbili zinahitajika kilowati 16,000, na injini haina. Wasanifu kwa desturi huongeza asilimia 15 juu ya nguvu ya maji tulivu, wakiita akiba ya bahari. Akiba hiyo imekusudiwa kufidia wastani wa mwaka mzima wa njia ya kawaida, na haikuwekwa kwa ajili ya dhoruba. Wakati fulani hata akiba hiyo ilihofiwa kupunguzwa: kanuni za ufanisi wa nishati za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zilizoanza kwa meli mpya mwaka 2013, zinatimizwa kirahisi zaidi ukiweka injini ndogo. Kwa hiyo shirika hilo likatoa pia mwongozo wa nguvu ya chini kabisa, ili meli isije ikashindwa kugeuza omo kuelekea upepo.

Hesabu hii ya mchemraba bado ina huruma. Rafadha, yaani propela, nayo hupoteza ufanisi. Tuseme kila mzunguko wake ungepaswa kusogeza meli mita 6. Kwa mizunguko 90 kwa dakika, ingekwenda maili 17.5 kwa saa kama maji yangekuwa kitu kigumu. Meli inakwenda 15, kwa hiyo utelezi ni asilimia 14. Mawimbi yakija, mizunguko inashuka hadi 86 na mwendo hadi 12. Sasa rafadha ingepaswa kutoa 16.7, na utelezi umeruka hadi asilimia 28. Mapanga yanakata maji kwa pembe kali zaidi kuliko yaliyokusudiwa, na kila mzunguko unahitaji nguvu kubwa zaidi ya kusokota mhimili.

Hapo injini inabanwa. Dizeli haina kikomo cha kilowati tu. Ina kikomo cha msokoto kwa kila kiwango cha mizunguko, kwa sababu mizunguko ikishuka tabochaja, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inaleta hewa kidogo. Ukiilazimisha, mafuta ni mengi kuliko hewa: moshi unakuwa mweusi, joto la moshi kwenye kila silinda linapanda, na tabochaja inaweza kuanza kupumua kinyume kwa vishindo vinavyosikika chumba kizima. Gavana ya kisasa, yaani kidhibiti cha mizunguko ya injini, inazuia mafuta yasizidi mpaka huo, kwa hiyo afisa aliye darajani anaweza kuagiza mizunguko 90 akaendelea kupata 84. Injini haijaharibika. Wasanifu makini huchagua rafadha iliyo nyepesi kidogo, ili meli ikiwa mpya na maji yakiwa matulivu izunguke asilimia 4 hadi 10 haraka kuliko injini inavyohitaji. Bodi, yaani mwili wa meli, likiota uchafu na bahari ikipanda, nafasi hiyo ndiyo inayoliwa.

Kinyume chake hutokea tezi linapoinuka. Rafadha inachungulia nje ya maji, mzigo unatoweka, mizunguko inaruka. Nusu dakika haijaisha inazama tena na mzigo unarudi kwa pigo. Gavana inayojibu haraka mno inafungua na kufunga mafuta bila kupumzika, na ikichelewa, kinga ya mwendo wa kupita kiasi inazima injini kabisa, wakati mbaya kuliko wote. Gavana nyingi zina mpangilio wa bahari chafu unaotuliza majibu yake. Uwashwe mapema. Hata hivyo dawa ya kweli ni kushusha mizunguko na kuzamisha tezi kwa maji ya farumi, yale yanayojazwa matangini kuipa meli uzito.

Mwendo anaoutoa nahodha mwenyewe

Yote hapo juu ni mwendo unaonyang'anywa na bahari. Kuna fungu la pili, ambalo mara nyingi ni kubwa zaidi kuanzia namba 7 au 8 ya kipimo cha upepo cha Beaufort: mwendo ambao nahodha anautoa kwa hiari ili asiue meli. Watu wa ofisini huyachanganya mafungu haya mawili, kisha wanauliza kwa nini injini ilikuwa kwenye asilimia 45 wakati "ingeweza zaidi". Ingeweza, ndiyo. Bodi ndilo lisingeweza.

Meli inapokutana na mawimbi ya mbele, kipindi kinachohesabika ni kile cha kukutana, maana meli nayo inayakimbilia. Gawanya urefu wa wimbi kwa jumla ya mwendo wa wimbi na mwendo wa meli. Wimbi la sekunde 10 lina urefu wa mita 156 na linakwenda mita 15.6 kwa sekunde. Meli ya maili 15 inakwenda mita 7.7. Wanakutana kila sekunde 6.7. Ukishuka hadi maili 8, ni kila sekunde 7.9. Mapigo yanakuwa machache, na muhimu zaidi, kila pigo ni dogo, kwa sababu omo halishuki kwa kasi ile ile.

Pigo linalotisha ni la tumbo: omo linatoka nje ya maji hadi chini kabisa, kisha sehemu bapa ya chini inaangukia maji. Mshindo unasikika tezini, halafu meli nzima inatetemeka kwa sekunde kadhaa. Mtetemo huo si kelele tu. Unaongeza mzigo wa kupinda juu ya ule wa wimbi lenyewe. Tarehe 18 Januari 2007, MSC Napoli ilikuwa ikisonga karibu maili 11 kwa saa dhidi ya mawimbi makubwa, kwenye mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa, bodi lake lilipovunjika kwenye sehemu ya chumba cha injini. Mabaharia wote 26 waliokolewa. Uchunguzi wa Uingereza ulikuta bodi halikuwa na uimara wa kutosha mahali pale, na kwamba mtetemo wa namna hii huenda uliongeza mzigo.

Kuna vigezo vya kujua lini imetosha. Vile vya nchi za Nordiki vya mwaka 1987, ambavyo bado hutumika sana, vinaikubalia meli ya chini ya mita 100 mapigo ya tumbo 3 katika kila mawimbi 100, na meli ya mita 300 na zaidi pigo 1 tu. Maji kupanda sitaha ya mbele: mara 5 katika 100. Darajani usiku si lazima kuhesabu kwa kompyuta. Afisa wa zamu anasimama na saa, anahesabu mapigo kwa dakika kumi, analinganisha na idadi ya mawimbi aliyokutana nayo. Kwa kipindi cha kukutana cha sekunde 7, dakika kumi zina mawimbi 86 hivi. Mapigo matatu yanatosha kumwamsha nahodha.

Meli tupu inapata taabu kuliko iliyojaa, kwa kuwa omo lake liko juu. Kwa meli za mafuta, mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unadai wastani wa kina cha kuzama usipungue mita 2 kuongeza asilimia 2 ya urefu, na rafadha izame yote: kwa meli ya mita 180 hiyo ni mita 5.6. Kiwango hicho ni cha chini, na kwenye bahari kubwa hakikutoshi. Meli nyingi za shehena ya wingi zina ngama moja, yaani chumba cha shehena, iliyojengwa ijazwe maji ya bahari wakati wa dhoruba. Hapa kuna kosa la kawaida: kungoja mpaka bahari ichafuke ndipo pampu ziwashwe. Kujaza huchukua saa nyingi, na katikati ya kazi ngama iko nusu, maji yanagonga kuta na mifuniko huku meli ikienda mrama. Ijazwe kabla, au isiguswe.

Njia nyingine ni kugeuza omo kidogo, mawimbi yaje kwa nyuzi 20 hadi 40 pembeni ya omo. Kupigwa kunapungua, kuyumba kunaongezeka, na njia inarefuka: ukienda zigizaga kwa nyuzi 30 kila upande, umbali unaongezeka kwa asilimia 15. Mara nyingi ni biashara nzuri, maana meli inayokwenda maili 11 kwa nyuzi 30 inasonga mbele maili 9.5 kwa saa, kuliko ile inayojikokota kwa 7 uso kwa uso. Bahari ikizidi kabisa, meli inabaki na mwendo wa kuitikia usukani tu, maili 3 hadi 5, ikisubiri.

Mawimbi ya nyuma, na kupunguza kunapokuwa kosa

Mawimbi yakitoka tezi kila mtu anafurahi. Mwendo haushuki sana, mapigo hakuna, kahawa inakaa kikombeni. Lile wimbi la sekunde 10 linamfikia mkimbiaji wa maili 15 kila sekunde 20 hivi. Utulivu huo una hila. Meli ikikaa muda mrefu juu ya kilele, katikati imezama na ncha zikiwa nusu nje, uwezo wake wa kujinyoosha inapoegemea unapungua. Chombo kifupi chenye kasi kinaweza kunaswa na uso wa wimbi kikabebwa. Usukani unakosa nguvu, tezi linageuzwa, na chombo kinalala ubavu. Mwongozo wa IMO wa mwaka 2007 kwa manahodha unatoa mpaka rahisi: mawimbi yakija moja kwa moja nyuma, hatari hii huanza mwendo unapozidi 1.8 mara kipeo cha urefu wa meli kwa mita. Kwa chombo cha mita 64, ni maili 14.4 kwa saa. Mwongozo huo huo unaonya juu ya kupigwa na vilele mfululizo pale urefu wa wimbi unapozidi asilimia 80 ya urefu wa meli na kimo kikizidi asilimia 4 yake. Dawa ya yote mawili ni kupunguza mwendo, jambo ambalo nafsi haitaki, kwa kuwa meli inaonekana kwenda vizuri.

Halafu kuna hali ambayo kupunguza ndiko kunakoleta msiba. Meli ya makontena ya mita 294 kwa upana wa mita 32 ina kipindi chake cha kuyumba. Kadirio la haraka ni 0.8 mara upana, ukigawa kwa kipeo cha kimo cha metasenta, kipimo cha uthabiti wa meli. Kimo hicho kikiwa mita 1, kipindi ni sekunde 25.6. Meli za aina hii zina omo na tezi vilivyopanuka juu na vyembamba chini, kwa hiyo kila wimbi linalopita chini yake linaibadilishia uthabiti. Wimbi lenye urefu kama wa meli likikutana nayo kila nusu ya kipindi cha kuyumba, yaani sekunde 12.8, kuyumba kunajilisha kwenyewe: nyuzi 5, 12, 25, ndani ya mawimbi machache, ingawa mawimbi yanatoka mbele na si ubavuni.

Piga hesabu kwa wimbi la sekunde 14, lenye urefu wa mita 306. Kwa maili 15 wanakutana kila sekunde 10.3. Nahodha anaona omo linapigwa, anashuka hadi maili 10: sekunde 11.3. Anashuka hadi 5: sekunde 12.5. Amejipeleka mwenyewe mdomoni. Mwezi Oktoba 1998, APL China ilikumbwa na hali ya namna hii kwenye Pasifiki ya Kaskazini, ikayumba hadi nyuzi 35 na zaidi na kupoteza mamia ya makontena. Ni baada ya hapo tasnia ilipoanza kulichukulia jambo hili kwa uzito. Anayeshusha mwendo kwenye meli kama hiyo abadilishe na uelekeo, na awe na kipindi cha kuyumba cha safari hii kimeandikwa darajani. Kinabadilika kila shehena inapobadilika, kwa hiyo cha safari iliyopita hakifai.

Mkondo wa maji unastahili neno moja. Wimbi likipambana na mkondo unaotoka mbele yake, linafupika na kupanda. Mkondo wa Agulhas, pwani ya kusini-mashariki ya Afrika Kusini, ni mahali pa kukumbukwa: meli inayoelekea kusini-magharibi inapata maili 4 hivi za bure kwa saa, ila upepo wa kusini-magharibi ukivuma dhidi ya mkondo huo, maji yanasimama wima na mabonde yanakuwa shimo. Kutoka kwenye mkondo kwa maili chache kuelekea nchi kavu kunapoteza zawadi hiyo na kuokoa meli. Kwenye maji mafupi, wimbi huanza kuhisi chini kina kinapopungua nusu ya urefu wake, na kanuni ya 1.56 haitumiki tena.

Kusoma namba za adhuhuri

Ripoti ya adhuhuri, ile ambayo meli huituma ofisini kila siku, ndiyo mahali ambapo bahari, bodi chafu na uzembe hugombania lawama moja. Ili kuvitenganisha, andika mwendo mbili: wa juu ya ardhi, kutoka kwa satelaiti, na wa ndani ya maji, kutoka kwenye chombo cha kupimia kilicho chini ya bodi. Tofauti yake ni mkondo. Kisha linganisha nguvu ya mhimili na mwendo wa ndani ya maji, ukichukua tu siku za Beaufort 4 kushuka chini. Huo ndio mpaka ambao mikataba mingi ya kukodi meli huuita hali njema ya hewa. Siku hizo zikionyesha meli inahitaji asilimia 20 zaidi kuliko ilipotoka chelezoni, hapo mawimbi hayana kosa. Bodi au rafadha vinahitaji kusuguliwa. Ukichanganya siku za dhoruba humo, hutaona kitu.

Kimo cha mawimbi kinachoandikwa darajani kwa macho, hasa usiku, si cha kuaminiwa sana. Kipindi kinapimika vizuri zaidi: chagua povu au kitu kinachoelea mbali na meli, washa saa kilele kimoja kinapokiinua, hesabu vilele kumi vinavyofuata, gawa sekunde kwa kumi. Fanya mara tatu. Hiyo ni namba utakayoweza kuitumia kwenye kila hesabu iliyo hapo juu.

Dhoruba ikishapita, usirudishe mizunguko yote kwa mkupuo. Upepo unaweza kufa kwa saa mbili na mawimbi yake yakabaki siku nzima, marefu, yakitoka upande ule ule. Panda mizunguko 3 au 4 kila nusu saa, ukiangalia joto la moshi wa kila silinda na fahirisi ya mafuta. Pima maji kwenye tangi la omo, kwenye hifadhi ya minyororo ya nanga na kwenye ngama ya mbele, kwa sababu kifuniko kilicholegea kule mbele hakionekani kutoka darajani. Kaza upya vifungo vya shehena kabla ya kuongeza mwendo. Minyororo iliyokuwa imekaza jana leo inacheza. Na kwenye chumba cha injini, safisha vichujio vya mafuta: kuyumba kumetibua tope la chini ya matangi, na litafika kwenye pampu ndani ya saa chache zijazo.